Kusanifu fuwele ya leza ya infraredi inayopampiwa kwa diodi: anza na joto

Wengi wanaojenga leza ya fuwele huanza kwa kuuliza watapata wati ngapi za mwanga. Ningependa uanze na swali jingine: joto litatokea wapi, na litatoka kwa njia gani? Mwanga wa diodi unaoingizwa kwenye fuwele ili kuipa nishati ndio tunaouita pampu, na ioni zilizochanganywa humo ndizo zinazounyonya na kutoa mwali. Kila wati ya mwanga huo inayonyonywa na fuwele bila kutoka kama mwali wa leza hubaki mlemle ndani, nyingi yake ikiwa joto. Joto hilo ndilo linaloamua fuwele iwe na urefu gani, ioni ngapi, umbo gani, na ishikiliwe vipi. Ukilifuata tangu mwanzo, maamuzi mengine huja kwa mpangilio wake. Ukiliacha mpaka mwisho, utajikuta unanunua fuwele ya pili.

Kazi hii si changa. Mwaka 1964 Keyes na Quist wa MIT Lincoln Laboratory nchini Marekani walitumia diodi za GaAs (galiamu arsenidi) kupampu fuwele ya floridi ya kalisi yenye ioni za urani, wakapata leza ya infraredi ya takriban mikromita 2.6. Mwaka huohuo Nd:YAG, yaani YAG (ganeti ya itri na alumini) yenye ioni za neodimi, ilionyeshwa katika maabara ya Bell Labs. Mambo hayo mawili, diodi na ganeti yenye neodimi, ndiyo yaliyokuja kuungana na kuzaa leza nyingi tunazozitumia leo.

Neno moja la usalama kabla ya hatua yoyote. Mwali wa Nd:YAG wa nanomita 1064 hauonekani, kwa hiyo jicho halipepesi kujikinga, na lenzi ya jicho huukusanya moja kwa moja kwenye retina. Miwani yako lazima izuie urefu wa wimbi wa leza na ule wa diodi pia. Miwani inayozuia 1064 lakini inapitisha 808 ya diodi haikulindi unapopanga lenzi za pampu.

Hatua ya 1: Chagua ioni kwa kuangalia pengo la kwanta

Chukua urefu wa wimbi wa pampu, ugawanye kwa urefu wa wimbi wa leza. Kwa neodimi inayopampiwa kwa nanomita 808 na kutoa 1064, jibu ni 0.76. Maana yake, hata kama kila kitu kingekuwa kamili, asilimia 24 ya nishati iliyonyonywa ingegeuka joto; hilo ndilo pengo la kwanta. Kwa kweli huwa zaidi ya hapo, kwa sababu baadhi ya ioni hupoteza nishati bila kutoa mwanga. Mimi huweka asilimia 30 hadi 35 katika hesabu za awali. Ukipampu kwa nanomita 885, moja kwa moja hadi ngazi ya juu ya leza (ngazi ya nishati ambako ioni huanzia kutoa mwali), pengo hushuka hadi asilimia 17. Hapo umepunguza joto bila kugusa fuwele, ila unyonyaji katika 885 ni dhaifu zaidi na utahitaji njia ndefu zaidi ndani ya fuwele.

Iteribi ina pengo dogo zaidi. Yb:YAG hupampiwa kwa nanomita 940 na kutoa 1030, yaani karibu asilimia 9 tu. Ina gharama yake, nayo si ndogo: ngazi ya chini ya leza iko karibu sana na ngazi ya msingi, hivyo katika joto la kawaida la chumba takriban asilimia 5 ya ioni tayari zimekaa humo na kuunyonya mwanga wa leza yenyewe. Sehemu yoyote ya fuwele ya iteribi isiyofikiwa na pampu ya kutosha inakula mwali wako. Ndiyo maana iteribi hutaka pampu kali na upoozaji mzuri. Neodimi huvumilia zaidi, kwa kuwa ngazi yake ya chini ni tupu katika joto la chumba.

Kwa mikromita 2 kuna thuli. Hapa hesabu ya pengo inaweza kukupotosha: ukipampu kwa nanomita 785 na kutoa 2010, inaonekana kama asilimia 61 inapotea. Lakini ioni mbili za thuli zikiwa karibu, moja humgawia jirani yake sehemu ya nishati, na pampu moja huzaa ioni mbili zilizo tayari kutoa mwanga. Ili majirani wakutane, ioni lazima ziwe nyingi, asilimia kadhaa. Kumbuka mfano huu, maana kwa neodimi ushauri wangu utakuwa kinyume kabisa.

Hatua ya 2: Chagua fuwele mwenyeji

Kwa neodimi, mashindano makubwa ni kati ya YAG na vanadeti, yaani YVO4. Vanadeti iliyokatwa kwenye mhimili wa a ina uwezo wa kukuza mwanga karibu mara tisa ya YAG, hunyonya pampu kwa nguvu zaidi, na mwali wake hutoka ukiwa tayari umepolarishwa, yaani mawimbi yake yanatikisika katika mwelekeo mmoja. Mtu akisoma hayo peke yake ataichukua bila kufikiri. Sasa tazama upande wa pili. Vanadeti hupitisha joto takriban wati 5 kwa mita kwa kelvini, ilhali YAG hupitisha zaidi ya mara mbili ya hapo. Ioni za neodimi katika vanadeti hukaa juu kwa mikrosekunde 100 au chini kidogo, lakini katika YAG hukaa 230.

Muda huo ndio ghala lako. Ikiwa unataka mapigo makubwa ya nishati kwa swichi ya Q (kifaa kinachozuia mwali hadi nishati ijae, kisha huuachia ghafla), mapigo machache kwa sekunde, YAG huhifadhi zaidi. Ikiwa unataka mapigo mafupi yanayofuatana kwa makumi ya maelfu kwa sekunde, au leza ndogo isiyokatika yenye kizingiti (pampu ndogo kabisa inayoanzisha mwali) cha chini, vanadeti hushinda. Kwa nguvu kubwa isiyokatika, uamuzi wa kwanza uwe YAG mpaka hesabu ikuambie vinginevyo.

Kuna pia YAG ya kauri, iliyopikwa kutoka kwenye unga badala ya kukuzwa kama fuwele moja. Mwaka 1995 Akio Ikesue na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba kauri ya Nd:YAG inaweza kufanya kazi kwa ufanisi wa kulinganishwa na fuwele. Faida yake kwa msanifu ni ukubwa wa vipande na uhuru wa kupanga ioni sehemu moja na nyingine.

Hatua ya 3: Amua kiwango cha ioni na urefu kwa pamoja

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo nitakaa.

Kiwango cha ioni na urefu wa fuwele ni uamuzi mmoja. Kinachoamua kiasi cha pampu kinachonyonywa ni zao la kizidishi cha unyonyaji, α, na urefu, L. Sehemu inayonyonywa ni 1 − e^(−αL). Tuseme Nd:YAG yako ya asilimia 1 pamoja na diodi yako vinakupa α ya 4 kwa sentimita. Milimita 5 zitanyonya asilimia 86. Milimita 10 zitanyonya asilimia 98. Sasa jiulize: milimita 5 za ziada kwa ajili ya asilimia 12, zina thamani? Kwa neodimi, ndiyo, mara nyingi, maana sehemu ya mwisho haina madhara makubwa na inazuia pampu iliyobaki isirudi kwenye diodi. Kwa iteribi, fikiri tena, kwa sababu ile sehemu ya mwisho isiyopampiwa vizuri ndiyo inayonyonya mwali.

Kishawishi cha kila mgeni ni kuongeza ioni ili kufupisha fuwele. Ukifanya hivyo kwa neodimi mambo mawili hutokea. Kwanza, ioni zilizosongamana huanza kupokonyana nishati na kuimaliza kama joto, hivyo ule muda wa mikrosekunde 230 hupungua. Pili, na hili ndilo baya zaidi, pampu yote humezwa karibu na uso wa kuingilia. Pampu ni ileile, wati ni zilezile, lakini sasa zimebanwa ndani ya milimita moja au mbili. Uso wa fuwele hupata moto, huvimba kuelekea nje, na mkazo hupanda mpaka ufa utokee.

Kwa YAG, asilimia 1 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa leza za wati chache. Nguvu inapopanda, shuka hadi 0.6, hata chini zaidi, na urefushe fuwele. Kwa vanadeti ninaanza na 0.5 na kushuka hadi 0.2 au 0.3 pampu ikivuka makumi ya wati. Vanadeti ya asilimia 1 inafaa leza ndogo tu, pale unapotaka kipande chembamba cha milimita moja.

Angalia pia diodi. Urefu wa wimbi wa diodi ya 808 husogea karibu nanomita 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kilele cha unyonyaji cha Nd:YAG kiko karibu na 808.6, nacho ni chembamba, nanomita chache tu. Diodi ikipanda nyuzi 10, imesogea nanomita 3, na α uliyoitegemea haipo tena. Una njia tatu: dhibiti joto la diodi, nunua diodi iliyofungwa kwenye wimbi moja kwa gretingi (kioo chenye mistari kinachorudisha wimbi hilo tu), au refusha fuwele iwe na akiba. Mimi hufanya ya kwanza na ya tatu kwa pamoja, hata pale ambapo diodi imefungwa.

Jambo moja kuhusu utengenezaji: fuwele ya Nd:YAG huvutwa kutoka kwenye uji ulioyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1970 za Selsiasi, na neodimi, kwa kuwa ioni yake ni kubwa kuliko ya itri, haipendi kuingia. Nyingi hubaki kwenye uji, kwa hiyo mwisho wa gogo la fuwele huwa na ioni nyingi kuliko mwanzo wake. Vipande viwili vyenye lebo moja vinaweza kutofautiana. Omba kipimo cha kipande chako chenyewe.

Hatua ya 4: Linganisha doa la pampu na mwali wa leza

Mwanga wa pampu usipoanguka ndani ya njia ya mwali wa leza, unapasha fuwele tu. Lenga doa la pampu liwe sawa na mwali wa leza au dogo kidogo. Likiwa dogo mno, lenzi ya joto (fuwele kupinda mwanga kama lenzi kwa sababu ya joto; tutaihesabu katika hatua ya 5) inakuwa kali; likiwa kubwa kuliko mwali, miali ya namna za juu, yenye umbo la madoa mengi badala ya doa moja safi, hujitokeza na ubora huharibika.

Tatizo ni kwamba pampu haibaki na upana mmoja ndani ya fuwele. Chukua diodi ambayo mwanga wake hutoka kwenye nyuzi ya mwanga yenye nusu kipenyo cha mikromita 100 na mwachano (nusu pembe ya kutawanyika, takriban kwa radiani) wa 0.22. Ukikuza taswira mara mbili, unapata nusu kipenyo cha mikromita 200 na mwachano wa 0.11 hewani, ambao ndani ya YAG, yenye kipeo cha kupinda mwanga cha 1.82, unakuwa 0.06. Gawanya 0.2 mm kwa 0.06: unapata milimita 3.3. Huo ndio umbali, kila upande wa kitovu, ambao pampu inabaki na ukubwa unaokubalika. Jumla ni kama milimita 6.6. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unyonyaji inapaswa kutokea ndani ya urefu huo. Umeona jinsi diodi inavyorudi kukuamulia kiwango cha ioni? Ukinunua diodi yenye mwachano mkubwa, umejifunga kwenye fuwele fupi.

Weka kitovu cha pampu milimita moja au mbili ndani ya fuwele, usikiweke kwenye uso.

Hatua ya 5: Hesabu lenzi ya joto kabla ya kuagiza

Katikati ya fuwele huwa na joto kuliko kingo, kipeo cha kupinda mwanga hubadilika, na fuwele inageuka lenzi. Kwa pampu inayoingilia mwishoni, makadirio mazuri ya umbali wa fokasi ni:

f = π · K · w² / (P · dn/dT)

K ni upitishaji joto, w ni nusu kipenyo cha doa la pampu, P ni wati za joto (si wati za pampu), na dn/dT ni badiliko la kipeo kwa kila kelvini. Kwa YAG weka K = 11 na dn/dT = 7.3 × 10⁻⁶. Tuseme fuwele imenyonya wati 10 na asilimia 30 imekuwa joto, yaani wati 3, na doa ni mikromita 200. Jibu ni takriban milimita 63.

Hiyo ni lenzi kali. Iweke kwenye programu yako ya resoneta (vioo vinavyorudisha mwali huku na huku kupitia fuwele) kama lenzi halisi na uone kama resoneta bado ni thabiti. Iweke tena ikiwa kali zaidi kwa theluthi moja, kwa sababu kuvimba kwa uso huongeza nguvu yake. Ukiongeza doa hadi mikromita 400 huku mengine yakibaki, fokasi inarefuka mara nne, kufikia milimita 250. Lakini kizingiti nacho hupanda kwa eneo. Kwa YAG yenye doa la mikromita 200, mwali wa ukubwa uleule, na hasara pamoja na upenyezaji wa kioo cha kutolea mwali vya jumla ya asilimia 6, kizingiti kwa hesabu ni wati 0.14 tu. Kikipanda mara nne ni wati 0.6, na katika leza ya wati 10 hiyo si hasara ya kulilia. Ndiyo maana nawasihi watu: ukiwa na pampu ya kutosha, panua doa kwanza kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

Hatua ya 6: Umbo na mwelekeo

Fimbo inayopampiwa mwishoni inatosha kwa kazi nyingi. Ikiwa uso ndio unaoteseka, agiza fuwele yenye vifuniko vya YAG isiyo na ioni vilivyounganishwa kwenye ncha zake. Vifuniko havinyonyi pampu, hivyo hubaki baridi, huvuta joto kutoka kwenye sehemu yenye ioni, na uvimbe unapungua sana. Kwa pesa zinazoongezeka, ni badiliko lenye faida kubwa kuliko mengi ninayoyajua.

Kwa iteribi na nguvu kubwa, fikiria sahani nyembamba, wazo alilolianzisha Adolf Giesen na wenzake mjini Stuttgart miaka ya mwanzo ya 1990. Sahani ya mikromita 100 hadi 200 hupozwa kupitia uso wake wote wa nyuma, joto linasafiri sambamba na mwali badala ya kuukata, na lenzi ya joto inakuwa hafifu. Gharama ni kwamba pampu lazima ipitishwe mara nyingi, kwani safari moja haitoshi kunyonywa.

Mwelekeo wa mkato una maana yake. YAG ikikazwa na joto hupata mpindo maradufu (kupinda mwanga tofauti kulingana na mwelekeo wa upolarishaji) na kuharibu upolarishaji. Mkato wa kawaida ni [111]; namba hizi hutaja mwelekeo ndani ya mpangilio wa atomi za fuwele. Mkato wa [100], upolarishaji ukielekezwa ipasavyo, hupunguza uharibifu huo. Ukiwa na fimbo mbili zinazofanana, weka kizungushi cha kwatzi cha nyuzi 90 katikati ili ya pili ifute kosa la kwanza. Vanadeti haina shida hii kwa sababu mpindo wake wa asili ni mkubwa kuliko ule unaoletwa na joto.

Hatua ya 7: Andika oda na uishikilie fuwele vizuri

Katika oda, taja: kiwango cha ioni na uvumilivu wake, mwelekeo, vipimo, ubapa wa λ/10, ulinganifu wa ncha wa sekunde 10 za pembe, na mikwaruzo daraja la 10-5. Taja tando (tabaka nyembamba zinazopakwa kwenye nyuso ili kuakisi au kupitisha mwanga) kwa kila urefu wa wimbi: uso wa pampu upitishe 808 na, kulingana na resoneta, uakisi au upitishe 1064. Ubavu wa fimbo uachwe ukiwa umekwaruzwa, usisuguliwe ukang'aa, la sivyo mwanga utazunguka humo ukijikuza kwa njia usizozitaka na kula nishati yako.

Kisha kitako cha shaba. Shaba hutanuka zaidi ya mara mbili ya YAG, kwa hiyo kati yao weka karatasi ya indi ya takriban milimita 0.1, laini vya kutosha kujaza nafasi. Niliwahi kupoteza fuwele nzuri kwa sababu nilikaza skrubu upande mmoja kuliko mwingine. Indi ilikunjana, upande mmoja ukabaki na hewa, na ufa ulianzia hapohapo pampu ilipofika nusu. Tangu siku hiyo hukaza skrubu robo mzunguko kwa zamu, kisha natazama fuwele kati ya polaraiza mbili (vichujio vya upolarishaji) zilizopishana. Kukiwa na mkazo usio sawa, mwanga huvuja upande mmoja, nami nalegeza na kuanza upya.

Hatua ya 8: Pima, halafu rudi kwenye hatua ya 3

Kwanza pima unyonyaji ukiwa umeondoa kioo cha kutolea. Badilisha joto la diodi kidogo kidogo, kwa mfano kutoka nyuzi 15 hadi 35, ukiandika pampu inayopenya upande wa pili. Mahali penye upenyezaji mdogo kabisa ndipo diodi imekutana na kilele.

Pili, tafuta hasara ya ndani kwa njia ya Findlay na Clay: pima kizingiti kwa vioo vya kutolea vitatu au vinne vyenye uakisi tofauti, R, kisha chora −ln R dhidi ya kizingiti. Nukta zitakaa kwenye mstari mnyoofu, na pale mstari unapokata mhimili wa wima chini ya sifuri, ukubwa wa namba hiyo ni hasara yako kwa mzunguko. Asilimia 1 ni nzuri. Ikiwa ni 4 au 5, chunguza tando na usafi wa nyuso kabla ya kulaumu fuwele.

Tatu, pitisha mwali dhaifu wa heliamu-neoni kupitia fuwele na upime unakokusanyika pampu ikiwa sifuri, nusu, na kamili. Fanya hivyo leza ikiwa inatoa mwali na ikiwa imezuiwa, maana joto si lilelile katika hali hizo mbili. Linganisha na namba uliyoipata katika hatua ya 5. Ikiwa lenzi halisi ni kali kuliko hesabu kwa zaidi ya nusu, mara nyingi chanzo ni mguso mbaya wa indi au ioni nyingi mno, na ukiangalia kama uso wa kuingilia ndio wenye moto zaidi utajua ni kipi kati ya viwili. Mguso mbaya hutengenezwa kwa bisibisi. Ioni nyingi hutengenezwa kwa oda mpya: punguza kiwango, refusha fuwele kwa uwiano uleule ili αL isibadilike, na pima tena.